Damu na taka za kuchinja mbuzi mnapeleka wapi?

Wadau, nachinja mbuzi hapa Kiamaiko, Nairobi, jirani analia na harufu kila siku. Damu na uchafu wa matumbo nipeleke wapi, maana mtaro unaishia mtoni na NEMA (mamlaka ya mazingira) wakinipata nimeisha

mzee_wa_bucha: Mtaroni usijaribu boss. Tafuta mbebaji taka mwenye laisensi ya NEMA, ule uchafu wa matumbo wakulima wanachukua wa mbolea, mifupa nayo haikosi mteja.

daktari_wa_ngombe: Na ini lenye vifuko vya maji inspekta akilikataa usirushie mbwa hata akuangalie vipi!! minyoo ya hidatidi inapita kwa mbwa mpaka kwa binadamu, choma ama zika chini kabisa. Mnyama akifa ghafla damu ikitoka puani usipasue, inaweza kuwa ugonjwa wa kimeta (anthrax).

Muuliza swali: Eish, na mbwa wa hapa wamezoea maini