Utatu Mtakatifu: hebu kwanza tukae kwenye neno "ni"

Wakuu, salaam. Niseme mapema kwamba sikuja kutukana imani ya mtu. Nimebatizwa, nimepata kipaimara, na Jumapili nikiwa sina udhuru mnanikuta kanisani, benchi la nyuma. Hoja yangu ni ya hesabu na ya lugha, na nimeibeba tangu nina miaka kumi na miwili.

Ilikuwa darasa la kipaimara, chini ya mwembe nyuma ya kigango. Katekista alichora pembetatu ubaoni. Pembe ya juu akaandika Baba, kushoto Mwana, kulia Roho Mtakatifu, na katikati akazungushia duara neno Mungu. Kila pembe akaiunganisha na duara kwa mstari ulioandikwa "ni". Ile mistari mitatu ya nje akaiandika "si". Baba si Mwana, Mwana si Roho, Roho si Baba. (Mchoro huo si wake, unachorwa Ulaya tangu karne ya 13.) Nikanyoosha kidole: "Mwalimu, kama Baba ni Mungu, na Mwana ni Mungu, na Baba si Mwana, Mungu wako wangapi?" Akajibu mmoja. Nikauliza tena, kwa nia njema kabisa. Jumamosi iliyofuata nilifagia kanisa zima peke yangu.

Sasa tuje kwenye hoja. Kiswahili kina "ni" na kina "ndiye", na havifanyi kazi moja. Nikisema "Juma ni fundi", sijamaliza mafundi. Asha naye anaweza kuwa fundi, na hapo mafundi ni wawili. Lakini nikisema "Juma ndiye fundi aliyejenga nyumba hii", nimefunga mlango. Ukija ukaniambia Asha ndiye fundi huyohuyo mmoja, basi Asha na Juma ni majina mawili ya mtu yuleyule.

Rudi ubaoni. "Mwana ni Mungu" hapa maana yake ipi? Kama ni kwa maana ya Juma ni fundi, tuna miungu mitatu. Kama ni kwa maana ya ndiye, Baba ndiye Mungu na Mwana ndiye Mungu huyohuyo, basi Mwana ndiye Baba, na yule aliyepiga magoti Gethsemane alikuwa akijiomba mwenyewe. Kanisa linakataa zote mbili. Mimi nauliza tu: ya tatu ni ipi?

Na msidhani swali hili limeletwa na wapinzani. Ni la ndani ya kanisa lenyewe. Sabellius, mwalimu wa dini kule Roma, karne ya 3, alichagua "ndiye": Mungu mmoja anayejionyesha kwa namna tatu. Akahukumiwa. Arius, padri wa Aleksandria, aliulinda umoja wa Mungu kwa kumshusha Mwana: kiumbe wa juu kuliko vyote, lakini kiumbe. Kaisari Konstantino akaita maaskofu Nisea mwaka 325, Arius akashindwa, na Mwana akatangazwa kuwa na asili moja na Baba, kwa neno la Kigiriki ambalo halimo katika Biblia. Kuhusu Roho Mtakatifu, kanuni ya imani ya Nisea ilimtaja tu ikapita. Maelezo yake yaliongezwa Konstantinopoli mwaka 381. Wazee wale walijua wanachokwepa upande huu na upande ule. Kujua unachokwepa si sawa na kujua unachosema.

Sisi Wakatoliki wa Kiswahili tunasali "mwenye umungu mmoja na Baba". Angalieni hiyo u- ya mwanzo. Mtu, utu. Mungu, umungu. Petro, Yakobo na Yohana wana utu mmoja, nasi tunasema watu watatu bila kusita. Kwa sarufi hiyohiyo, watatu wenye umungu mmoja ni nini?

Aliyelikabili swali hili bila kumfagilisha mtu ni Gregori wa Nisa, askofu wa Kapadokia, Uturuki ya leo, katika karne ya 4. Aliulizwa hivyohivyo na mtu aitwaye Ablabius, tena kwa mfano wa Petro, Yakobo na Yohana. Jibu lake la kwanza linachekesha kidogo: kosa ni letu, eti tunasema "watu watatu" kwa mazoea tu, ilhali asili yao ni moja na hivyo mtu ni mmoja. Panda daladala la Kariakoo na wenzako wawili, mwambie konda kwa asili ninyi ni mtu mmoja, mlipe nauli moja. Mtashushwa kituo kinachofuata, tena wote watatu.

Jibu lake la pili ndilo zito. Watu watatu wakilima, anasema, kila mmoja ana kazi yake na kipande chake, ndiyo maana tunawahesabu. Kwa Mungu haiko hivyo. Kila tendo linaanza kwa Baba, linapita kwa Mwana, linatimizwa katika Roho, na ni tendo moja. Hili naliheshimu. Ila wanaume wanne wakibeba jeneza moja wanafanya tendo moja, na bado mabega ni manne. Halafu aliyekufa msalabani ni Mwana. Waliosema Baba ndiye aliyeteswa waliitwa wazushi. Najua mtanijibu kwamba aliteswa katika ubinadamu wake, sawa, lakini ubinadamu ule aliuvaa Mwana, hakuuvaa Baba. Basi kuna jambo moja la mmoja lisilo la mwingine.

Wengine hukimbilia neno "nafsi". Mungu mmoja, nafsi tatu. Shuleni tulifundishwa nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu: mimi, wewe, yeye. Na Injili inawaonyesha hivyo kabisa. Kwenye ubatizo sauti inasema, "Wewe ndiwe Mwanangu, mpendwa wangu." Mwana naye katika Yohana 17:3 anamwambia Baba "wewe, Mungu wa pekee wa kweli". Wanaoitana "wewe" ni wawili. Ukinijibu kwamba nafsi hapa haina maana ya kawaida, nitakuuliza ina maana gani, na hapo Augustino, Mwafrika wa Kaskazini na mwalimu mkubwa wa kanisa, atanitetea: yeye mwenyewe alikiri kwamba tunasema nafsi tatu si kwa kuwa neno linaeleza jambo, ila tusije tukanyamaza kabisa.

Mifano ya mimbari naiomba tuiache. Maji, barafu na mvuke ni Sabellius aliyefufuka. Mafiga matatu yanayobeba chungu kimoja ni mfano mtamu, lakini hakuna figa ambalo peke yake ni jiko kamili, na fundisho linasema kila Nafsi ni Mungu kamili. Ile ya 1×1×1=1 ndiyo dhaifu kuliko zote. Ongeza moja nyingine uzidishe, bado ni moja, kwa hiyo umethibitisha na Unne.

Ndugu zangu Waislamu, msipige makofi bado. Kwanza, mnapojibu Utatu wa Mungu, Yesu na Maryam mnajibu fundisho ambalo hakuna kanisa hapa kwetu linalifundisha. Pili, nanyi mna lenu. Kama Kurani ni neno la Mungu na haikuumbwa, je, neno hilo la milele ndilo Mungu mwenyewe au ni kitu kingine kando yake? Khalifa al-Ma'mun aliwatia watu misukosuko mwaka 833 kwa swali hilo, na mwanazuoni Ahmad ibn Hanbal, aliyekataa kusema imeumbwa, akafungwa. Wafuasi wa mwanazuoni al-Ash'ari baadaye wakatoa jibu lao maarufu: sifa za Mungu si Yeye wala si kisicho Yeye. Mimi nikisikia hivyo namwona katekista wangu na chaki yake.

Nyongeza, baada ya kusoma majibu:

Wengi wameniambia ni fumbo la imani, nikubali. Naweza kukubali, kwa sharti kwamba tuache kulitolea mifano. Kisichoelezeka kisielezwe. Lakini kwa Kiswahili fumbo ni kitu chenye jibu, ndiyo maana wahenga walisema fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua. Waliotutafsiria labda hawakulisikia hilo.

Aliyenikwamisha ni dada mmoja aliyeuliza hivi: kipande kimoja cha mpingo kimechongwa kinyago cha Kimakonde, na hichohicho kimesimamishwa kushikilia paa la kibaraza. Je, kinyago ni nguzo? Hapana, anasema, kwa sababu ukiparua ile sura yote, kinyago kimekwisha na nguzo ingali imesimama. Basi kinyago si nguzo, kila kimoja ni mpingo, na ukihesabu vitu vya mbao vilivyosimama pale kibarazani utahesabu kimoja.

Nimelala nalo usiku mbili. Kinyago ni mpingo, nguzo ni mpingo, kinyago si nguzo, mpingo mmoja. Hiyo ndiyo pembetatu ya ubaoni. Ninachoweza kumjibu ni kwamba kinyago na nguzo haviitani "wewe", na kwamba mpingo ulikuwapo kabla havijachongwa, ilhali umungu hautangulii Nafsi. Lakini hoja yangu ya "ni" na "ndiye" imepata ufa pale, nakiri. Dada, kama bado unasoma, nijibu hilo la mpingo kutangulia.