Amoksilini ya mtoto: ya chupa au tembe za kuyeyusha?

MamaNeema_Umoja: Hamjambo wazazi. Kijana wangu ameandikiwa amoksilini. Duka la dawa wana mbili: unga wa kuchanganywa na maji kwenye chupa, na tembe za kuyeyusha. Bado sijalipa. Nyinyi mnawapa ipi?

BabaPacha: Mama Neema, hujasema ana kilo ngapi wala anaugua nini. Na friji unayo?

Nesi_Kayole: Kilo kwanza, dada. Tembe za miligramu 250 ndizo Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa nimonia ya walio chini ya miaka 5. Unaiweka kwenye maji safi kidogo, au maziwa ya mama, inayeyuka, anakunywa yote. Ya chupa ikishachanganywa haikai sana, nyingi ni siku 7, na baadhi zinataka friji. Soma kibandiko.

Mzee_Githurai: Mimi nasema ya chupa. Ni tamu, wajukuu wanaililia. Tembe wanazitema.

BabaPacha: Mzee, dawa ya kuililia ifungiwe juu kabisa. Mtoto haelewi kwamba si sharubati.

WanjaMlezi: Msikubali tembe za wakubwa zilizosagwa! Duka moja mtaani kwetu lilimsagia binti yangu, likagawanya unga kwenye vikaratasi kwa macho tu. Kingine kilijaa, kingine unga haukufunika hata kona. Ilikuwa chungu mno. Tukimshika watu wawili, anatapika, tunabaki hatujui kilichoingia tumboni ni kiasi gani. Homa ikapanda usiku tukakimbilia hospitali. Daktari alipoona vile vikaratasi alikasirika kweli, akatuandikia za watoto. Mpaka leo akiona kijiko anafunga mdomo.

MamaNeema_Umoja: Poleni sana. Ana miaka miwili na nusu, kilo 12, ni nimonia. Friji hatuna. Naweza kutia kwenye uji?

Nesi_Kayole: Bila friji, chukua tembe. Usitie kwenye bakuli zima, akibakisha uji amebakisha dawa. Akianza kubonyea kifua anapovuta pumzi, au akishindwa kunywa, rudi hospitali hapo hapo.

Mzee_Githurai: Sisi tulilea kwa kijiko cha chai, na wote ni wazima.

Nesi_Kayole: Vijiko vya nyumbani havilingani, Mzee wangu. Ya chupa ipimwe kwa sirinji isiyo na sindano, na chupa itikiswe kila mara, maana dawa hutuama chini.

BabaPacha: Serikali ingeleta tembe kama hizi kwa kila ugonjwa. Za kifua kikuu za watoto, zenye ladha ya matunda, Kenya ilitangulia nchi nyingine kuzisambaza kote mwaka 2016. Kabla ya hapo wazazi walikuwa wakivunja na kusaga kama alivyosimulia Wanja.

WanjaMlezi: Na za minyoo je? Wangu anazitafuna, ni sawa?

MamaNeema_Umoja: Nimerudi dukani, tembe zimebaki pakiti moja na hazitoshi siku zote alizoandikiwa. Kuna aliyeziona upande wa Donholm?