Mrejesho: Binti yangu amemaliza Kidato cha Nne

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliwauliza nitampongezaje binti yangu akimaliza KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari hapa Kenya, ilhali mikusanyiko ilikuwa imepigwa marufuku hapa Nairobi kwa sababu ya korona na nyanya yake aliyeko Kakamega hakuweza kuja, kwa kuwa kaunti yetu na nyingine nne zilifungwa tarehe 26 Machi 2021, siku ileile mtihani ulipoanza. Wengi mlinisihi nisingoje vikwazo viondolewe, nami nawashukuru kwa dhati.

Jumamosi tarehe 24 Aprili tulikula pilau mchana nyumbani Buruburu, sisi wanne tu wa nyumba hii. Pendekezo lililonigusa zaidi lilikuwa la dada aliyesema nimwombe nyanya atume kitu cha kuvaliwa. Alituma leso kwa gari la mizigo, akapiga simu ya video, na akaniongoza hatua kwa hatua jinsi ya kumvisha mjukuu wake mabegani, mahali ambapo joho lingekaa. Binti yangu, ambaye alikaa nyumbani tangu shule zilipofungwa Machi 2020 hadi darasa lake liliporudi Oktoba, akisoma kwa simu moja aliyogawana na kaka yake, hakuweza kusema neno, na mimi pia nililia.

Baba yake alisoma dua. Matokeo yalikuwa bado hayajatoka, lakini niliona si haki furaha hii ingoje alama. Nyanya aliagiza kwamba barabara zikifunguliwa tu, mjukuu apelekwe kwake akiwa amevaa leso ile.