Amu (Lamu) hadi Nairobi kwa ndege: safari yako ilichukua muda gani hasa? Tupeane uzoefu

Mjukuu wa Langoni
Assalaam alaikum. Wiki iliyopita nilikuwa nampeleka mama Nairobi kwa daktari wa macho. Hesabu yangu: Manda hadi uwanja wa Wilson, Nairobi, ni kama kilomita 470, ndege saa moja na robo, basi. Bahari sikuihesabu. Uwanja uko kisiwa cha Manda, sisi tuko Amu, ng'ambo, na siku ile ilikuwa bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana, na maji yamekupwa kabisa. Boti ziko chini sana, na ngazi za chini za gati zimeota mwani, kijani tupu. Mama ana miaka 71 na haoni vizuri. Kila ngazi anaipapasa kwa ncha ya kiatu kwanza, mkono mmoja umeshika buibui, mwingine umemng'ang'ania nahodha. Dakika ishirini zikaishia hapo. Tulipovuka, tukaambiwa kupokea abiria kumeshafungwa. Ndege tunaiona, propela zinazunguka. Mama hakusema neno mpaka tuliporudi nyumbani. Miadi imesogezwa wiki tatu. Wenzangu, nyinyi huanza kuhesabu wapi?

Mchuuzi wa Barani
Waalaikum salaam, pole sana, na mama umpe pole. Mimi niko Malindi. Kwenda Manda hewani ni kilomita 140 hivi, nusu saa. Kwa gari ni zaidi ya 220, kwa sababu barabara lazima iende bara mpaka Garsen ivuke mto Tana, ndipo irudi Witu hadi Mokowe, na hapo bado boti. Kwa kawaida napanda basi. Ndege nimepanda mara moja, shangazi alipofariki Amu alfajiri, na maziko ni baada ya alasiri. Nauli niliazima kwa majirani. Niliwahi kumuona uso. Nusu ile ya saa siisahau.

Kijana wa Shela
Nabeba mizigo Manda. Ulizeni ndege ni ya aina gani kabla ya kulipa. Zile kubwa za injini mbili ni saa moja na robo kweli. Caravan ya injini moja, abiria kumi na wawili hivi, hupita saa moja unusu. Nyingine hutua Malindi kwanza, na kwa njia hiyo safari inafika kilomita 560. Mzigo kwa ndege ndogo mara nyingi ni kilo 15. Juzi bibi mmoja ilibidi afungue begi juu ya benchi, atoe chupa za achari ya embe moja moja, huku mwanawe wa Nairobi anamwambia kwa simu asiziache.

Na wewe wa Langoni, sikiliza. Huku kwetu siku za bamvua maji hukupwa saa nne, saa tano za asubuhi, na ndizo saa za watu kuvuka. Mwenye mzee atazame mwezi kabla ya kukata tiketi. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo, toka nyumbani masaa mawili kabla ya ndege. Maji mafu, siku ambazo bahari haijai wala haipwi sana, ngazi hazina taabu.

Mjukuu wa Langoni
Ahsanteni sana. Nimehesabu sasa hivi: siku ile mwezi ulikuwa na siku 15 tangu kuandama, miadi mpya inaangukia siku ya 7. Maji mafu. Nimempigia nahodha yuleyule, atatungoja gatini tangu saa mbili asubuhi.