Saa ya babu, Omega Seamaster: fundi anataka kuipaka rangi, ba'mdogo anataka tuiuze. Naombeni ushauri

Mleta uzi (Tanga)
Wakuu, heshima kwenu. Babu mzaa baba alikuwa karani wa reli enzi za ile Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki. Alipofariki, familia ikanikabidhi saa yake ya mkono: Omega Seamaster, otomatiki, yenye tarehe. Chuma kitupu, uso rangi ya maziwa ulioanza kuwa manjano pembezoni, na mgongoni kachorwa mnyama mwenye kichwa cha farasi na mkia wa samaki. Ukiitikisa inatembea, ila inachelewa sana, na ukiivua usiku asubuhi unaikuta imesimama.

Fundi mmoja hapa mjini anataka kuikwangua mikwaruzo yote, apake uso rangi na kuandika maandishi upya "iwe kama ya dukani". Ba'mdogo anasema tuiuze tugawane, saa za Uswisi ni mamilioni. Shangazi hataki hata kusikia. Je, ni ya kweli? Nimkubalie fundi? Na ba'mdogo ana hoja?

Kamani
Fundi usimkubalie kabisa! Uso ukishapakwa rangi haurudi tena. Saa inayochelewa ina shida ndani, kwenye mashine, sasa rangi ya usoni itamsaidia nani?

Kuhusu ukweli wake, huyo farasi wa baharini ni dalili nzuri lakini haitoshi. Tafuta lenzi ya fundi, uinamishe saa kwenye mwanga, utazame katikati kabisa ya kioo. Kioo cha asili ni cha plastiki na kina alama ya Omega iliyochongwa, ndogo kuliko punje ya mtama. Usipoiona usishtuke, vioo hubadilishwa. Ushahidi hasa uko ndani: mashine ya Omega ya miaka ya 1960 ina rangi ya shaba nyekundu, na imepigwa namba ya aina na namba yake yenyewe. Ndani ya mfuniko pia kuna namba. Zinazoanza na 166 ni za otomatiki zenye tarehe. Tupigie picha utuwekee hapa.

Mleta uzi
Ahsante mkuu. Nimempelekea mzee mmoja fundi saa, kaifungua mbele yangu. Shaba nyekundu kweli. Imeandikwa 565, vito 24 (vijiwe vya kupunguza msuguano), na namba ya mashine inaanza na 24, tarakimu nane. Mfuniko: 166.010.

Kamani
Basi hongera, zinaendana. Namba za milioni 24 ni katikati ya miaka ya 1960, na 565 ilitoka 1966. Hiyo mashine inapiga mara 19,800 kwa saa, na ikijazwa inatembea kama saa 50 bila kuvaliwa. Kusimama usiku mmoja maana yake mafuta yamekauka, au kamani (ile springi inayoendesha mashine) imechoka. Jaribu na hili: vuta ule ufunguo wa pembeni mpaka mwisho kabisa, tarehe iruke siku moja.

Na ujue kwa nini inatengenezeka hata Tanga. Louis Brandt, mwanzilishi wa Omega, alianza kazi 1848 huko La Chaux-de-Fonds, milimani Uswisi, akiunganisha saa kwa vipande vilivyotengenezwa na mafundi wa jirani. Wanawe wakahamia Bienne 1880, na 1894 wakatoa mashine waliyoiita Omega. Sifa yake kubwa ilikuwa kwamba kipuri chochote kinaingia bila kupigwa tupa, popote duniani. Jina likawa la kampuni mwaka 1903. Mimi hapo ndipo ninapoiheshimu Omega, kuliko hata habari za saa yao kuvaliwa mwezini. Fundi wako akipata mashine nyingine ya 565 iliyokufa, anatoa kipande anakipachika kwako.

Nuru wa Muscat
Mdogo wangu, nakuandikia kutoka Oman. Mjomba wangu alikuwa na Seamaster kama hiyo. Akaipeleka kwa fundi, ikarudi inang'aa, kingo za ganda zimeliwa na neno "Swiss Made" chini ya saa sita limepinda. Alipotaka kuiuza, wanunuzi wa saa kongwe waliigeuza mara moja tu wakairudisha. Wanaozijua wanataka uso wa asili, hata ukiwa na manjano.

Ba'mdogo mwambie kwa adabu: Seamaster za chuma zilitengenezwa nyingi mno. Ina thamani, ndiyo, lakini si ya kiwanja. Mkigawana watu sita mtabaki na nini? Nauli na kitoweo. Mimi naungana na shangazi.

Kamani
Na unyevu wa Tanga usiudharau. Seamaster ya 1948 ilitokana na saa walizotengenezea jeshi la Uingereza vitani, na sifa yake ilikuwa mpira wa kuzuia maji, kama wa nyambizi. Mpira wa babu una zaidi ya miaka 50, umeshakuwa jiwe. Sasa hivi haizuii hata jasho.

Mleta uzi
Nimewaelewa, Mungu awabariki. Tumekaa kikao, ba'mdogo kaafiki ibaki kwenye familia, mradi nisiiuze bila kuwauliza. Yule mzee ataisafisha mashine, atie mafuta, abadili mpira na kamani. Uso na ganda hagusi mtu. Kaniomba subira, kamani ya 565 anaagiza Dar.