Reagan aligeuka lini? Kutoka "dola la uovu" hadi mkataba wa 1987

Kidato_Sita:
Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni. Nasoma HGL (Historia, Jiografia na Lugha) na darasani tumeshikana mashati juu ya Rais Ronald Reagan. Machi 1983 anawaita Wasovieti dola la uovu. Desemba 1987 huyo huyo anakaa na Gorbachev, kiongozi wa Kisovieti, Washington, wanasaini kufuta kundi zima la makombora ya nyuklia, yale ya masafa ya kati yanayorushwa kutoka ardhini. Wenzangu wanasema ubabe ulilipa: aliwabana mpaka wakanyoosha mikono. Mimi naona kuna kitu kinarukwa hapo katikati. Ni nini hasa?

Mzee wa Mawimbi:
Marahaba mwanangu. Hapo katikati unapopasema ndipo penyewe.

Mwaka 1983 nilikuwa nafundisha historia sekondari, na jioni sikubanduka kwenye redio. Habari zilikuja zikipandana. Machi 8 hotuba ya dola la uovu kule Orlando. Machi 23 anatangaza mpango wa ngao ya angani, ya kuzuia makombora ya adui yasifike Marekani. Septemba 1 Wasovieti wanaiangusha ndege ya abiria ya Korea Kusini, watu 269 wanakufa. Novemba makombora ya nyuklia ya Kimarekani, Pershing II, yanaanza kuwasili Ujerumani Magharibi, na wajumbe wa Kisovieti wanasusa mazungumzo ya Geneva ya kupunguza silaha.

Ambacho redio haikutuambia ni zoezi la NATO la mwanzoni mwa Novemba, Able Archer. Lilikuwa la kujaribu taratibu za kutoa amri ya kurusha silaha za nyuklia. Hakuna kombora lililorushwa. Lakini Moscow, kiongozi wao Andropov akiwa mgonjwa mahututi, wapo walioamini kwamba zoezi lile linaweza kuwa pazia la shambulio la kweli, na ndege za kivita za Kisovieti zikawekwa tayari Ujerumani Mashariki na Poland. Woga huo ulijulikana London kupitia Oleg Gordievsky, afisa wa KGB, shirika la ujasusi la Kisovieti, aliyewafanyia kazi Waingereza kwa siri, na kutoka London habari zikafika Washington.

Reagan alikuwa anaamini kwa dhati kwamba dunia nzima inajua Marekani haitaanza vita. Mwezi huo huo, Novemba 18, aliandika kwenye shajara yake kwamba Wasovieti wana hofu kubwa mno ya kushambuliwa, na kwamba, bila kuwalegezea kamba, inafaa waambiwe hakuna mtu Marekani mwenye nia hiyo. Kwangu mimi hapo ndipo alipogeuka: alipoelewa kwamba adui anamwogopa kweli kweli, na mwenye nyuklia akiingiwa na hofu anaweza kuwahi kurusha.

Sasa tafuta hotuba yake ya Januari 16, 1984, usome mwisho wake. Anawataja Ivan na Anya, Wasovieti, wamejikuta pamoja na Jim na Sally, Wamarekani, wamejibanza mahali wakikimbia mvua. Je, wangeanza kubishana kuhusu serikali zao, au wangeulizana habari za watoto na kazi? Kipande hicho alikiongeza Reagan mwenyewe. Na angalia tarehe: Gorbachev hakuingia madarakani mpaka Machi 1985. Kwa hiyo Reagan alibadilika kabla Wasovieti hawajalegeza chochote. Alichokosa ni mtu wa kuzungumza naye. Andropov alifariki Februari 1984, na Chernenko aliyempokea naye akafariki Machi 1985.

Mkaaji wa Kolwezi:
Mzee, heshima yako, lakini usimpake mafuta mtu huyo. Januari 1986 alimkaribisha Jonas Savimbi, kiongozi wa waasi wa Angola, Ikulu ya Washington, kisha akampelekea makombora ya Stinger ya kutungulia ndege, na njia ya silaha ilipita kwetu, Zaire ya Mobutu. Geneva Reagan na Gorbachev walipeana mikono mwaka 1985, Angola watu waliendelea kuzikana mpaka 2002. Sisi tulio jirani hatuwezi kuiita hiyo siasa ya amani.

Mzee wa Mawimbi:
Ndugu yangu, hilo silipingi, na kijana aliandike kwenye insha yake. Hofu ya Reagan ilihusu moto wa nyuklia peke yake. Vita vya kupigana kwa mikono ya wengine aliviendeleza Angola, Afghanistan na Nicaragua.

Ndiyo sababu najivunia alichofanya Mwalimu. Mei 22, 1984 Nyerere alitoa tamko pamoja na Indira Gandhi wa India, Olof Palme wa Sweden, Andreas Papandreou wa Ugiriki, Raúl Alfonsín wa Argentina na Miguel de la Madrid wa Mexico: mataifa yenye nyuklia yasimamishe majaribio, utengenezaji na usambazaji wa silaha hizo. Hoja yao ilikuwa kwamba nchi zisizo na bomu nazo zina haki ya kuishi. Vitabu vya shule vinalipita tamko hili haraka mno.

Kidato_Sita:
Asante sana Mwalimu, na asante ndugu wa Kolwezi. Basi ubabe haukusaidia kabisa? Na kwa nini walishindwana Iceland 1986 halafu wakakubaliana 1987?

Mzee wa Mawimbi:
Ulisaidia, usiukatae wote. Tangu Novemba 1981 Reagan alisema: ninyi ondoeni SS-20, makombora yenu ya masafa ya kati, sisi hatutaleta Pershing. Wasovieti walikataa. Pershing zilipofika, kukawa na kitu cha kubadilishana.

Reykjavik, mji mkuu wa Iceland, Oktoba 11 na 12, 1986, walikaa katika nyumba ndogo nyeupe ya Höfdi kando ya bahari, wakafika mbali hata kuzungumzia kufuta silaha zote za nyuklia. Kilichowakwamisha ni ngao ya angani. Gorbachev alitaka majaribio yake yabaki maabara kwa miaka 10, Reagan akakataa, wakaagana nyuso zimekunjamana. Februari 1987 Gorbachev alilitenganisha suala la makombora ya masafa ya kati na lile la ngao, na hapo njia ikafunguka. Desemba 8 wakasaini. Makombora 2,692 yakaharibiwa kufikia 1991: ya Kisovieti 1,846, ya Kimarekani 846.

Ukitaka kitu cha kuwaonyesha wenzako, waambie habari za Votkinsk. Ni mji wa Urusi wenye kiwanda kilichounda SS-20, na ambacho kiliendelea kuunda SS-25, makombora ya masafa marefu ambayo mkataba haukuyakataza. Hatua ya kwanza ya makombora hayo mawili, yaani sehemu ya chini inayowaka kwanza, ilifanana sana. Basi wakaguzi wa Kimarekani wakapewa makazi pale pale, wakakaa langoni kukagua shehena zinazotoka, wahakikishe hakuna SS-20 iliyofichwa ndani. Wasovieti nao wakaweka watu wao kwenye lango la kiwanda cha makombora cha Magna, jimbo la Utah, Marekani. Walikaa hivyo, kila mmoja kwenye lango la mwenzake, kwa miaka 13.