Njiwa kararuliwa na paka shume, mtama unachungulia kwenye donda. Nifanyeje?

Kijana wa Ngamiani
Wakuu, naomba msaada wa haraka. Nafuga njiwa hapa Tanga. Alfajiri paka shume kaingia bandani kamkamata Asumini, jike wangu mweupe mwenye manyoya mpaka vidoleni. Nikatoka na ufagio, paka akamwachia. Mgongoni ana vitundu viwili vya meno, damu imeshaganda, hivyo havinipi shida. Kinachonitisha kipo chini ya shingo: ngozi imechanika, na nilipompa mtama nikaona punje zinachungulia pale pale. Akinywa maji kifua kinalowa. Ila anakula, na macho yako wazi. Jirani anasema nimpake manjano na mafuta ya nazi nimwache, eti njiwa ana roho ya paka. Leo neno paka silitaki kulisikia. Halafu analalia mayai mawili.

Mchuzi Mzito
Mchinje mapema mkuu, akishakuwa kibudu haliwi tena. Pole lakini.

Babu Tundu
Huyo hapo juu mpuuze.

Kijana, nimefuga njiwa tangu nasoma chuoni, paka nawajua. Umeogopa donda kubwa, ila linaloua upesi ni vile vitundu unavyovidharau. Mdomo wa paka una bakteria waitwao Pasteurella. Meno yake ni membamba, yanawapeleka chini kabisa, kisha ngozi inajifunga juu na wao wanaingia kwenye damu. Leo unamwona mzima, keshokutwa unamkuta chali. Anahitaji antibayotiki leo hii, kwa daktari wa mifugo atakayempima uzito kwanza. Usimkatie kidonge chako mwenyewe kwa kukadiria, njiwa mzima ana gramu 300 na kitu tu.

Hizo punje maana yake kile kifuko cha shingoni, anapoweka chakula kabla hakijashuka kwenye firigisi, kimetoboka. Manjano hayazibi kifuko. Kinashonwa chenyewe kwanza, halafu ndiyo ngozi. Akikushonea ngozi peke yake, chakula kitavuja kati na kuozea humo.

Kabla hujatoka: chemsha maji nusu lita, tia chumvi kijiko cha chai kisichojaa, yaache yapoe. Suuza donda taratibu kwa bomba la sindano lisilo na sindano, punje zilizo nje zitoke zenyewe, usichokonoe. Mtama mwondolee mpaka ashonwe. Spiriti usiguse. Mafuta ya aina yoyote pia acha: manyoya yakilowa mafuta hayashiki joto, na ndege aliyejeruhiwa hufa kwa baridi hata Tanga. Mtie kwenye boksi lenye giza, kando yake chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa khanga, abaki na nafasi ya kuikwepa akiona joto limezidi.

Na asitokee mtu akamminia maji mdomoni! Tundu la pumzi liko nyuma tu ya ulimi, utamzamisha. Njiwa si kuku wa kuinua kichwa kila funda, yeye anazamisha mdomo na kufyonza. Mpe kikombe chenye kina, kisahani hakimfai.

Mayai yasikuumize kichwa. Dume hulalia mchana, usiku ni zamu ya jike, kwa hiyo yatapoa. Akipona atataga mengine.

Mama Kware
Nyongeza: nzi. Ukiona vitu vyeupe kama chenga za mchele pembeni ya donda, hayo ni mayai yao, yatoe kwa kibano kabla hayajawa funza. Mimi boksi nalifunika kipande cha chandarua kikuukuu.

Kijana wa Ngamiani
Tumerudi kwa daktari. Kamshona kama alivyosema Babu, kifuko kwanza, ngozi baadaye. Alipopunguza manyoya mgongoni tukakuta vitundu vingine viwili upande wa pili, nilikuwa sijaviona kabisa. Kampiga sindano na kunipa dawa ya maji ya kuendelea nayo. Chakula laini, kidogo kidogo. Sasa yuko kwenye boksi, dume anazunguka juu ya bati akiunguruma. Nimrudishe lini kwa mwenzake?

Babu Tundu
Mpaka uzi utoke na ngozi ishikane. Dume hana ubaya, ila atamdonoa shingoni kwa kumtaka na atafumua kazi yote. Weka boksi wasikilizane tu.

Kila asubuhi angalia kinyesi. Kijani cha majimaji maana yake chakula hakishuki au hali, piga simu kwa daktari. Kikirudi kigumu chenye nyeupe juu, uko salama upande huo. Manyoya yaliyong'olewa yataota baada ya wiki kadhaa. Yaliyokatika katikati yatasubiri mpaka apukutishe, kwa hiyo usimrushe kumjaribu.

Na banda lizibe leo kabla ya magharibi, wavu wa matundu madogo, siyo ule wa kuku. Shume keshajua njia.